Kibarua Analipwa Ngapi? Thamani ya Sarafu katika Gemu za Fantasia

Katika orodha ya bei ya Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ya kusimulia na kurusha kete, toleo la 3.5 la mwaka 2003, ngazi ya futi 10 inauzwa sarafu 5 za shaba. Ufito wa futi 10, ule ambao wachezaji huutumia kugusagusa sakafu kabla ya kuikanyaga, unauzwa sarafu 2 za fedha, yaani shaba 20. Ngazi ni fito mbili zilizounganishwa kwa vipandio. Nunua ngazi, ng'oa vipandio, kisha uza fito mbili kwa nusu bei kama kanuni inavyoruhusu. Umetoa shaba 5, umepata shaba 20, na bado una kuni za kuotea moto.

Kosa hili ni dogo, lakini linaonyesha namna orodha nyingi za bei zinavyoandikwa. Kila kitu kilipangiwa bei peke yake, bila kuulizwa kinatoka kwa nani na kwa siku ngapi za kazi. Hakuna aliyemfikiria seremala. Mimi naamini kwamba uchumi wa gemu yoyote, iwe ya mezani na kete au ya mtandaoni na maelfu ya watu, unaanza na swali moja: kibarua asiye na ujuzi analipwa ngapi kwa siku? Hilo likijibiwa, bei nyingine zote zina pa kusimama. Lisipojibiwa, dhahabu ni namba tu kwenye karatasi ya mhusika, yaani yule unayemchezesha.

Kiswahili chenyewe kinatupa kidokezo. Fedha ni madini, na fedha hiyohiyo ndiyo mali ya kununulia. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba kabla jina lake halijaenea kwa sarafu zote. Dhahabu haikuwahi kupata heshima hiyo. Ilibaki kuwa pambo, akiba na mahari ya wakubwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wa kawaida katika sehemu nyingi za dunia ya kale: shaba kwa chakula, fedha kwa ujira, dhahabu kwa wafalme na wafanyabiashara wa masafa. Gemu za fantasia zimeligeuza jambo hili juu chini, mpaka mlinzi wa lango anahongwa kwa dhahabu.

Tazama mfano wa kweli. Katika jeshi la Uingereza la karne ya 14, mpiga upinde wa miguu alilipwa peni 3 za fedha kwa siku, mwenye farasi peni 6, na askari wa deraya peni 12. Sarafu ya dhahabu iliyoitwa noble, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1344, ilikuwa na thamani ya peni 80. Kwa hiyo sarafu moja ya dhahabu ilikuwa ujira wa siku karibu 27 za mtu anayehatarisha maisha yake vitani. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi miaka bila kuishika dhahabu mkononi.

Sasa chukua toleo la 5 la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014. Kibarua analipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na sarafu 10 za fedha ni dhahabu 1. Maisha ya kimaskini yanagharimu sarafu hizohizo 2 kwa siku, kwa hiyo hawezi kuweka akiba hata ya shaba. Upanga mrefu ni dhahabu 15, sawa na siku 75 za kazi yake. Chupa moja ya dawa ya uponyaji ni dhahabu 50, yaani siku 250. Deraya kamili ya chuma ni dhahabu 1,500, na hapo tunazungumzia siku 7,500, zaidi ya miaka 20 bila kupumzika hata siku moja. Shujaa anayekunywa dawa tatu katika pambano moja amemeza kazi ya kibarua ya karibu miaka miwili. Bei hizi si lazima ziwe makosa. Lakini msimulizi anayeendesha mchezo akizikubali, inambidi akubali pia kwamba kijiji kitamtazama shujaa huyo kama watu wanavyomtazama mwana wa mfalme, na kwamba wezi watamfuata.

Chanzo cha dhahabu nyingi kiasi hiki kinajulikana. Katika matoleo ya mwanzo, kuanzia 1974, uzoefu ulipimwa zaidi kwa hazina kuliko kwa mapigano: sarafu 1 ya dhahabu iliyotolewa shimoni, yaani katika mahandaki ya mazimwi na hazina, ilikuwa pointi 1 ya uzoefu. Mhusika alihitaji maelfu ya pointi ili kupanda daraja, basi maelfu ya sarafu yakamiminwa. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni gemu hiyo, alilijua tatizo. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 aliwaeleza wasomaji wake wafikirie miji ya Alaska wakati wa msako wa dhahabu, ambako yai moja liliuzwa dola nzima. Mwaka uliofuata akaiwekea dhahabu hiyo pa kutokea: mafunzo ya kupanda daraja yaligharimu dhahabu 1,500 kwa wiki, mara daraja la mhusika. Mpiganaji alihitaji takriban pointi 2,000 ili kufika daraja la pili, nyingi zikitokana na dhahabu, na alipofika mlangoni kwa mwalimu wake akaacha 1,500 au zaidi palepale. Vikundi vingi viliichukia kanuni hiyo na kuiruka. Walipoiruka, wakabaki na magunia ya dhahabu yasiyo na kazi, kisha wakalalamika kwamba fedha haina maana katika gemu.

Anayetaka kutengeneza orodha yake mwenyewe aanze hivi. Kibarua, sarafu 1 ya fedha kwa siku. Fedha 1 ni shaba 12, na dhahabu 1 ni fedha 20. Warhammer, gemu nyingine ya mezani ya kusimulia, hutumia mgawanyo huohuo, dhahabu 1 kwa fedha 20 au sarafu ndogo 240, nao unafaa kwa sababu 12 inagawika kwa 2, 3, 4 na 6, jambo ambalo muuza mkate analihitaji kuliko mtu yeyote. Katika zile shaba 12 za kibarua, toa 6 za chakula, 2 za pa kulala, 2 za kodi na zaka. Zinabaki 2 za nguo, ugonjwa na sherehe. Ukiona katika orodha yako mlo mmoja wa kawaida ni shaba 10, umeshamuua kibarua kwa njaa, rudi nyuma.

Kisha hesabu kwa siku za kazi. Fundi mwenye ujuzi anapata fedha 2, askari wa miguu 2, bwana mhunzi 4. Upanga wa kawaida nauweka siku tano za mhunzi na msaidizi, pamoja na chuma na makaa: fedha 30 hivi. Deraya kamili ni kazi ya karakana nzima kwa miezi, na hapo fedha 500, yaani dhahabu 25, inakubalika. Farasi wa vita awe juu zaidi ya deraya, kwa sababu amelishwa miaka minne kabla ya kuuzwa na angeweza kufa katika wowote kati ya miaka hiyo. Vitu vya kichawi vifuate njia ileile: mchawi alisoma miaka mingapi, anatengeneza chupa ngapi kwa mwezi, na ni nani wengine wanaozitaka. Kama mji una mchawi mmoja anayetengeneza chupa 4 kwa mwezi, na jeshi la mtawala linazichukua 3, bei ya ile moja iliyobaki si ya kusoma kwenye jedwali. Ni ya mnada.

Baada ya bei, hesabu sarafu zilizopo. Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapokosea, kwa sababu wanaweka bei lakini hawaweki kiasi cha fedha kilichomo mjini. Kijiji cha kaya 60, kila kaya ikifanya kazi siku 250 kwa mwaka, kinazalisha thamani ya fedha 15,000. Lakini sehemu kubwa ya thamani hiyo ni nafaka inayoliwa, kuku wanaobadilishwa kwa majembe, na deni la jirani kwa jirani. Kiwango ninachokitumia ni sarafu 20 za fedha taslimu kwa kaya, jumla 1,200, ambazo ni dhahabu 60 tu. Mzee wa kijiji hicho hawezi kuahidi dhahabu 200 kwa kichwa cha zimwi. Hana. Anachoweza kutoa ni nyumbu, haki ya kusaga bure kwenye kinu cha maji, vibarua kumi kwa siku ishirini, na nafaka ya kupitisha msimu wa baridi. Zawadi hizi huwashika wachezaji kuliko dhahabu, maana kila moja inawarudisha kijijini.

Halafu mashujaa wanne wanatoka shimoni na dhahabu 500. Hizo ni fedha 10,000: zaidi ya mara nane ya taslimu zote za kijiji. Watu hudhani kila kitu kitapanda bei kwa pamoja. Haiwi hivyo. Vinavyopanda kwanza ni vile visivyoweza kuongezwa haraka, yaani farasi waliopo, vyumba vya kulala, na muda wa mhunzi. Nafaka hufuata, hasa ikiwa vibarua wameacha mavuno kwenda kuwachimbia mashujaa handaki kwa ujira maradufu. Ujira wa watu wengine huchelewa kuliko vyote, na wanaoumia ni wasio na kitu cha kuwauzia wageni: mjane, mzee, shemasi wa hekalu dogo. Mezani mimi natumia kipimo kimoja. Matumizi ya kundi kwa wiki yakiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya taslimu za mahali, bei hazitikisiki. Yakizidi, kila sehemu ya kumi ya ziada inapandisha kwa robo bei ya vitu vile visivyoongezeka. Kundi likiondoka, shusha robo moja kila mwezi, kwa kuwa wachuuzi na mtoza kodi watazihamisha sarafu kwenda mjini.

Jambo hili si la kubuni. Mansa Musa wa Mali alipopita Kairo mwaka 1324 akielekea Makka, yeye na watu wake walitoa na kutumia dhahabu nyingi mno. Al-Umari, aliyeandika juu ya ziara hiyo, anasema kabla yake mithqali moja ya dhahabu, yaani kipimo cha uzito, haikushuka chini ya dirhamu 25 za fedha, na baada yake ikawa chini ya 22, hali iliyodumu miaka kama 12. Na Kairo ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya zama zake. Kijiji cha kaya 60 kingeyumba zaidi ya hapo.

Uchawi nao ni kiwanda, na usipohesabiwa unavunja kila kitu. Mfano uliojadiliwa sana ni uchawi uitwao ukuta wa chuma katika lile toleo la 3.5. Mchawi wa daraja la 12 anatumia unga wa dhahabu wenye thamani ya dhahabu 50, na unatokea ukuta wa unene wa inchi 3 na eneo la futi 300 za mraba. Hizo ni futi 75 za ujazo, ratili zaidi ya 36,000 za chuma. Orodha ya bidhaa inasema ratili moja ya chuma ni sarafu 1 ya fedha. Kwa hiyo dhahabu 50 zinageuka kuwa zaidi ya 3,600 kwa pumzi moja. Pathfinder, gemu iliyojengwa juu ya kanuni za toleo hilo na kutoka 2009, iliziba tundu hilo kwa kuandika kwamba chuma hicho hakifai kutengenezea vitu vingine wala hakiuziki. Mimi naona dawa bora ni soko: nani atanunua tani 16 za chuma kwa siku moja, kwa bei ileile? Kijiji kinatumia labda tani moja kwa mwaka. Siku ya pili bei ya ratili imeanguka, chama cha wahunzi kimekasirika, na mtawala anataka mchawi huyo awe wake. Katazo linamaliza mazungumzo mezani, ilhali soko lingewapa wachezaji kisa cha wiki nne.

Gemu za mtandaoni zina shida hiyohiyo, ila huko hakuna msimulizi wa kuitazama. Kila zimwi linalouawa linazaa sarafu mpya ambazo hazikuwepo. Kila ngozi inayouzwa kwa mchuuzi anayeendeshwa na kompyuta inazaa nyingine. Mchezaji akimuuzia mchezaji mwenzake hakuna kilichozaliwa. Sarafu zimehama mfuko tu. Wengi huchanganya haya mawili, wakaulaumu mnada ambako wachezaji huuziana kwa mfumuko wa bei uliosababishwa na mazimwi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua seva, yaani dunia moja ya gemu, yenye watu 1,000, kila mmoja akicheza saa 3 kwa siku na kupata sarafu 200 kwa saa. Zinazaliwa 600,000 kila siku. Matengenezo ya silaha na nauli zikichukua 30 kwa saa, zinatoka 90,000. Zinabaki 510,000, na baada ya siku 100 kuna sarafu milioni 51 zisizo na pa kwenda. Ukitaka kuziondoa kwa ushuru wa mnada wa asilimia 5, mauzo ya kila siku yafike zaidi ya milioni 10. Ushuru wa asilimia una faida moja kubwa: bei zikipanda, nao unapanda. Nauli ya sarafu 10 iliyowekwa siku ya kwanza itakuwa haihisiwi baada ya mwaka. Anayetegemea malipo yasiyobadilika ndiye anayeachwa nyuma: mchezaji mpya anayeishi kwa ujira wa kazi zinazotolewa na kompyuta hawezi kununua mnadani, wakati mwenzake aliyekwenda kuchuma mitishamba na kuwauzia matajiri anaendelea vizuri.

Ultima Online, gemu ya mtandaoni iliyofunguliwa 1997, ilijaribu kuufunga mzunguko kabisa, kiasi cha malighafi duniani kiwe na kikomo na kinachoharibika kirudi ardhini. Wachezaji wakarundika vitu majumbani mwao, havikurudi, na dunia ikaishiwa. Wabunifu wakalazimika kufungua milango ili malighafi mpya iingie. Katika Diablo II, ya mwaka 2000, dhahabu ilikosa cha kununua, na wachezaji wakaanza kulipana kwa pete iitwayo Stone of Jordan: ndogo, inayotakwa na wengi, ngumu kupatikana. Ikawa sarafu bila mtu kuiteua. Kisha zikaingia pete za kunakiliwa kwa hila, na thamani yake ikachakaa kama sarafu yoyote inayoghushiwa. Diablo III ilikwenda mbali zaidi mwaka 2012 kwa mnada wa fedha halisi; Mei 2013 kosa la hesabu katika mafungu makubwa ya dhahabu liliwafanya waliofuta mauzo kurudishiwa nyingi kuliko walizoweka. Mnada wenyewe ulifungwa Machi 2014.

Suluhisho ninalolistahi kuliko mengine ni la Path of Exile, ya mwaka 2013. Ilipoanza haikuwa na dhahabu hata moja. Wachezaji walilipana kwa tufe za kichawi, na kila tufe ina kazi: hii inabadilisha sifa za silaha, ile inaongeza sifa moja. Ukiitumia, inatoweka. Mwenye tufe hana budi kuchagua kati ya kununulia na kutumia, na chaguo hilo ndilo linaloipa thamani. Kila siku maelfu yanaungua katika majaribio ya kuboresha upanga, bila ushuru wala amri. Old School RuneScape ilichukua njia nyingine Desemba 2021: ushuru wa asilimia 1 kwenye soko lake kuu, na sehemu ya makusanyo ikatumika kununua vitu vilivyojaa mno na kuvifuta. Wengi husahau kwamba vitu navyo huzidi, kama sarafu.

Turudi mezani, kwa joka. Michoro humwonyesha amelala juu ya mlima wa dhahabu. Kitanda cha mita 4 kwa 3, kina cha nusu mita, ni mita 6 za ujazo. Sarafu zikimwagwa hujaza kama asilimia 60 ya nafasi. Dhahabu ina uzito wa tani 19.3 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kitanda kina tani 69 na nusu. Sarafu 50 zikiwa ratili moja, kama ilivyo katika toleo la 5, hizo ni sarafu milioni 7.7. Kwa orodha yetu ya fedha 1 kwa siku, ni kazi ya watu zaidi ya 600,000 kwa mwaka wa siku 250 za kazi. Hakuna ufalme wenye kitu hicho, na siku kitakapotoka pangoni hakuna bei itakayobaki na maana.

Lakini mchoro haulazimishi dhahabu. Kitanda hichohicho kikiwa cha shaba ni tani 32, sarafu milioni 3.55, sawa na fedha 296,000, au dhahabu 14,800. Weka dhahabu chache juu zing'ae. Sasa ni utajiri wa kubadilisha maisha ya kundi bila kuzamisha nchi, na unakuja na mzigo wake. Mkokoteni wa ng'ombe wawili unabeba nusu tani, kwa hiyo safari 65. Mwendeshaji na ng'ombe wake ni fedha 4 kwa siku, siku 10 kwenda na kurudi, fedha 40 kwa safari. Kila mzigo una sarafu 55,000 za shaba, thamani ya fedha karibu 4,600, na unahitaji walinzi ambao nao wanaweza kuhesabu. Mwenye mkokoteni akishashusha mzigo wa kwanza na kuona kilichomo, safari ya pili haitakuwa fedha 40.